Ndege ya Adui

Fundi saa aliisoma kanuni ileile ya mchezaji mmoja mara ya nne, macho yakimuuma. Kwa miaka thelathini alicheza mchezo huu wa mezani wa vita vya angani na mkewe. Tangu maradhi yalipomwibia mkewe kumbukumbu, alicheza peke yake, pande zote mbili.

"Ndege ya adui hurudi kambini ikiwa hatarini," kitabu kilisema. Hatarini kivipi? Hakikueleza.

"Basi na irudi," alijisemea kwa uchovu, akakinyanyua kipande cha kadibodi cha ndege hiyo kwa kibano.

Mkewe, aliyekuwa akitazama ukuta tangu asubuhi, akageuka.

"Usinichezee rafu, mzee. Hiyo ndege ni yangu, na mafuta ninayo."

Fundi akaiweka ndege palepale alipoitoa, akamsogezea dadu.

"Haya, mama. Rusha."