Rai za Kificho

Kificho aliokota kaa la moto kwa vidole viwili, akawashia sigara yake, kisha akalirudisha mekoni taratibu, wala hakuwa na haraka. Wanywa kahawa walitikisa vichwa. Mkewe, Mwanamize, hakumtazama. Alikuwa akitia kanga za mtoto kwenye mkoba wa ukili.

"Kazi ya haluwa ndiyo hii," Kificho aliwaambia wateja wake. "Anayeogopa moto akauze mboga."

Hapakuwa na jambo ambalo Kificho hakuwa na rai nalo. Mtaliani alipoingia Uhabeshi, kijiji kizima cha Chokocho kilisikia kwake nani ataomba amani, na lini. Eropleni hajapata kuiona hata moja, lakini alijua kwa nini haianguki. Kodi aliichukia, na waliomtoza aliwaita kupe, ila hospitali yao alikuwa tayari kuipigania. Siku moja, mjini Unguja, alichungulia kwenye darubini akaona vijidudu vinaogelea, na tangu siku hiyo hakuna aliyepata raha. Kuku akitaga nje ya tundu, Kificho alikuwa na maelezo.

Safari hii rai yake ilikuwa juu ya bega la mkewe.

Lilikuwa na baka jeupe, ukubwa wa kifungo. Bimkubwa, jirani yao, aliliona kisimani, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Sasa daktari wa serikali yuko uwanjani kwa Shehe, anapima ukoma. Kila mtu alijua mambo yalivyo: anayepatikana nao hupakiwa mashuani siku hiyohiyo, akapelekwa kwenye kisiwa cha wagonjwa, na mtoto haruhusiwi kufuatana naye. Mwanabaraka alikuwa na mwaka mmoja, bado ananyonya.

"Niache nende Makoongwe kwa kaka Vuai," Mwanamize alisema wateja walipoondoka. "Siku mbili tu, mpaka daktari apite."

"Ukajifiche kama mwizi? Mke wangu mie?"

"Ntamwachaje mtoto, bwana'ngu?"

"Elimu haimwonei mtu. Kama huna maradhi, utarudi na mwanao. Kama unayo..." Kificho alivuta moshi, akautoa. "Kama unayo, mie mwenyewe ntakupandisha mashuani. Wala silii."

Mwanamize alimchukia mumewe saa ile, tena kwa moyo wote. Lakini aliufungua mkoba, akazirudisha kanga mahali pake, akambeba mtoto na kumfuata.

Uwanjani watu walikuwa wamesimama mbali, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Daktari alikaa mezani. Msaidizi wake, dresa Pandu, alieleza kwa sauti: kila mtu atafumba macho, atachomwa sindano. Akisikia maumivu, aseme, huyo ni mzima. Asiyesikia ndiye mwenye maradhi.

Wanawake walipimwa nyuma ya jamvi lililotundikwa. Mwanamize alimpa Bimkubwa mtoto, akaingia, akateremsha kanga begani na kufumba macho. Akaomba maumivu kama wengine wanavyoomba riziki.

"Yalaa! Naumia mie!"

Aliruka, nusura aliangushe jamvi. Akachomwa tena, katikati ya baka, akapiga ukelele mkubwa zaidi. Pandu alicheka.

"Choa hichi, bi. Tutakupa dawa ya kupaka."

Mwanamize alitoka analia mbele ya watu, bila haya yoyote. Alimchukua mwanawe mikononi mwa Bimkubwa kama anayemnyang'anya, akakaa kwenye kigogo karibu na meza, akampa ziwa. Hata Kificho, aliyesema halii, alivua kofia akajipangusia macho.

"Si n'lisema?" alisema. "Si n'lisema mie?"

Mwanamize alimtazama, na ile chuki ikamtoka yote. Alimwona mume wake tu, mwenye maneno mengi, atakayebaki naye nyumba moja.

Lakini makelele ya Mwanamize yalikuwa yamewatia watu hofu. Wanawake wawili walianza kurudi nyuma. Mzee mmoja alisema yeye hashindiliwi misumari na Mngereza, akageuka kwenda zake. Kificho hakuweza kuvumilia ujinga ufanyike mbele ya macho yake. Alikunja mkono wa kanzu, akakaa kitini, akakiweka kiganja chake juu ya meza.

"Yakhe, rudini mtazame! Mwanamke kaogopa tu. Mie sichomwi nyuma ya jamvi, nachomwa hapa, kila mtu aone."

Watu walisogea. Kificho alifumba macho kama alivyoagizwa, akawageuzia uso, akaanza. Aliwaeleza habari za darubini. Aliwaambia serikali ina dhambi nyingi, lakini sindano haimo. Aliwaambia itafika siku watoto wao watazaliwa wasijue hata jina la maradhi haya. Watu walinyamaza kimya. Kificho, aliyezoea kukatizwa, alifurahi kusikilizwa, akazidi kupaza sauti.

Mwanamize aliiona sindano ikiingia kidoleni. Ikatoka. Ikaingia kidole cha pili, kisha kiganjani, hata nusu yake. Pandu aliacha kucheka. Daktari aliipangusa damu kwa pamba, akaiweka sindano chini, akachukua kalamu.

"Haya, daktari," alisema Kificho, macho kayafumba, anatabasamu. "Anza basi. Watu wanangoja."