Mpunga wa Ng'ambo

Yosefina alizamisha mikono katika mpunga uliokomaa, akayashika masuke mazito yaliyolowa umande, akacheka kwa sauti.

Yeye na mumewe walikuwa wamevuka mto Kilombero kutafuta mizizi ya kula. Shamba hili walilikimbia wakati wa Maji Maji, askari wa Mjerumani walipochoma kijiji, wala hawakulirudia tena. Mbegu yao ya mwisho Yosefina aliitoa sadaka msimu wa kupanda, wapikiwe mayatima wa misheni, na tangu siku hiyo mumewe hakuacha kununa.

"Umeona Mungu alivyolipa?" akamwuliza.

"Mungu gani? Hizi ni punje zilizodondoka tulipokuwa tunakimbia. Zimejiotea tu."

"Na ndege? Na viboko? Wao walikatazwa na nani?"

Mumewe akatazama huku na huku. Mpunga ulikuwa umesimama wote, hadi kwenye matete.

"Bahati," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Basi wewe kaa na bahati yako. Mimi navuna wa Mungu."

Akainama, akaanza kukata. Punde akasikia kisu cha mumewe nyuma yake, mwenyewe bado anabisha.