Taa za Chumba cha Mikutano

Kiwandani kwetu tunatia vitambaa rangi. Taa za chumba cha mikutano hujizima zenyewe zikiona hakuna anayetikisika. Eti tunabana umeme.

“Mtambo wa kusafisha maji umekufa,” bosi alisema. “Maji ya rangi tutayamwaga mtoni mpaka utengenezwe. Kuna anayepinga? Anyanyue mkono.”

Kila mtu aliikodolea macho chupa yake ya maji. Mimi nilimfikiria shangazi, anayechota huko chini mtoni. Tulitulia tuli kama maji mtungini, mpaka taa zikazimika.

“Jamani, mtu anyanyue mkono taa ziwake!” bosi akacheka gizani.

Nikanyanyua wangu. Zikawaka.

“Ahsante, dada. Teremsha basi.”

Sikuuteremsha.