Mkono wa Sikujua

Saa nne asubuhi lori lilisimama mbele ya zahanati, limebeba kitanda cha kujifungulia. Afisa mipango wa afya alishuka, akawaambia watu waliokusanyika kwamba kitanda ni kimoja na mkunga ni mmoja, na vyote vitakwenda kwenye mji wenye wajawazito wengi.

"Haya, wajawazito nyoosheni mikono."

Hakuna aliyenyoosha. Katika mji ule mimba haikutajwa mbele za watu mpaka mtoto amelia.

"Niandike mimi, bwana mkubwa!" alidakia mzee Kitwana, akijipiga kitambi. "Hili lina miaka kumi na halijazaliwa!"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja, Sikujua, hakucheka. Alikwisha kuzika watoto wawili, wote waliozaliwa njiani kuelekea hospitali, na wa tatu alikuwa akimpiga mateke chini ya kanga. Alianza kuinua mkono. Mama mkwe wake akaudaka.

"Unataka wakutie jicho, mwanangu?"

"Mama, kitanda kinaondoka."

"Na kiondoke. Mjukuu wangu hatangazwi mkutanoni."

Afisa aliuliza mara ya pili, akangoja, kisha akamgeukia dereva. "Twende. Hawa hawana haja nacho."

Injini ikanguruma. Sikujua akajichomoa, akatoka mbio mpaka katikati ya barabara, akanyoosha mkono juu kabisa, mbele ya mji mzima.

Afisa alimwona kwenye kioo cha pembeni. Akatoa mkono wake dirishani, akampungia kwaheri, na lori likakata kona.