Khanga Kwenye Kiti

Mbaraka alilipeleka gari lake la mbio kwa Fundi Tunu alainishiwe springi, maana kila tuta lilikuwa linampiga kiunoni. Fundi alipofungua mlango wa abiria, alikuta khanga iliyokunjwa juu ya kiti.

"Hii ya nani?"

"Ya mama. Huitandika asichafue kiti."

Fundi aliinyanyua, akaibonyeza. "Kaka, humu ndani kuna kipande cha godoro. Kimeshonewa kwa mkono."

Uso ulimshuka Mbaraka. Mwaka mzima amempeleka mama kliniki kwa gari hili, na kila wakifika mama hushuka taratibu na kusema, "Gari zuri, mwanangu."

Fundi akashika spana.

"Ngoja," alisema Mbaraka, akikaa kwenye kiti kile kitupu. "Kwanza endesha wewe. Nipitishe matutani."