Nyota Iliyompoteza Nungunungu

Mto ulipokauka, Nungunungu mjuaji alimwambia Swala, "Maji yako mashariki, chini ya nyota ile kubwa. Tuifuate."

"Nayo haitembei?" aliuliza Swala.

"Nyota ina miguu?"

Waliondoka jioni, nyota ikichomoza mbele yao. Usiku wa manane ikawa utosini, wakazunguka palepale wakiitafuta. Kisha ikaanza kushukia magharibi, nao wakageuka wakaifuata. Alfajiri, hoi kwa kiu, waliona shimo.

"Tumefika!" alisema Nungunungu. "Kumbe na huku wapo nungunungu. Hodi, wenyewe!"

Mkewe alichungulia. "Baba watoto, maji yako wapi?"

Nungunungu alimgeukia Swala, akanong'ona, "Ajabu! Bibi huyu amenijulia wapi?"