Madirisha ya Oddvar

Sufuria nyingine iliungua, na Oddvar akaenda kuitupa kwenye theluji nje ya mlango wa jikoni, pale ilipolala ile ya kwanza. Harufu ya sukari iliyoungua ikamfuata. Huyu ndiye fundi aliyeweka vioo kwenye nusu ya nyumba za mji wao mdogo wa pwani ya Norwei, na sasa alikuwa anashindwa na madirisha ya nyumba ndogo ya biskuti za tangawizi, ya mashindano ya Krismasi.

Wenzake walivunjavunja peremende, wakazijaza kwenye matundu ya ukuta wa biskuti, oveni ikamaliza kazi. Madirisha yao yalitoka mekundu na ya kijani, na hata mtoto aliyaweza. Oddvar alikuwa ameapa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mbele ya wanaume wazima, kwamba yake mwaka huu yatakuwa meupe, mtu aone mpaka ndani. Mwaka uliopita yalikuwa meusi tii, wakamwuliza kama wenye nyumba wamefiwa. Mganga hajigangi, alijiambia, lakini walau mganga huwa hajitangazi.

"Punguza moto, fundi," alisema mkewe, Gunnvor, bila kuinua macho kwenye sweta aliyokuwa anafuma.

"Leo mimi ndiye wa kufundishwa madirisha?"

Gunnvor akaweka sindano zake chini, akaenda mazoezi ya kwaya.

Hapo ndipo shetani alipompata. Oddvar alishuka karakanani, akachukua kioo chembamba cha fremu ya picha, akakikata vipande vidogo, akavigandisha kwa ndani kwa sukari ya unga iliyokorogwa na ute wa yai. Kisha akawasha taa ndogo ndani ya nyumba. Iling'aa vizuri hata mwenyewe akaona haya.

Mkewe aliporudi alichutama mbele ya yale madirisha, akayatazama kwa muda mrefu.

"Na watoto wakila?" aliuliza.

"Inayoliwa ni ile iliyoshinda. Mimi nimewahi kushinda nini?"

Hapo hakusema uongo. Hata kwenye bahati nasibu ya kanisa, ambako kila mtu huondoka walau na soksi, yeye hurudi mikono mitupu.

Kesho yake Oddvar alikuwa na kazi upande wa pili wa mji, kwa hiyo Gunnvor ndiye aliyeibeba nyumba mpaka kwenye maonyesho, katika ukumbi wa maktaba. Jioni alimkuta mkewe na plasta kwenye kidole gumba na sufuria imelowekwa. Uji, alisema Gunnvor. Oddvar akacheka mpaka akakohoa. Alifurahi kwamba si yeye peke yake anayeunguza vitu nyumba ile.

Nyumba yake ikashinda.

Bi Marit, mwoka mikate aliyekuwa mwamuzi, alisema hajapata kuona sukari safi kama ile, akaomba aambiwe siri. Oddvar akakohoa, akasema siri ni moto mdogo. Wenzake dukani wakaanza kumwita profesa, na jina likamkaa vizuri kichwani, mpaka alipokumbuka sikukuu ya kuutoa mti wa Krismasi. Siku hiyo watoto wa chekechea huja na nyundo za mbao, wakaivunja nyumba iliyoshinda na kuila yote, paa, kuta na madirisha.

Chakula kikamshinda. Alipopita maktabani alitazama pembeni, hakuthubutu hata kuisogelea nyumba. Alifikiria kuiiba. Alifikiria kujikwaa na kuiangukia, akafanya mazoezi sebuleni kwa kutumia mto wa kochi, akaumia goti. Kusema kweli ndiyo njia iliyokuwa rahisi kuliko zote, ndiyo maana aliiacha ya mwisho.

"Kama una neno, Marit yupo dukani kwake kila siku," Gunnvor alimwambia, akimfunga bandeji ya goti.

"Sina neno."

Siku ikafika. Watoto waliuzunguka mti wakiimba, na Oddvar, nyuma kabisa ya ukumbi, akajiambia atasema wimbo huu ukiisha. Ulipoisha akausubiri mwingine. Nyundo zikagawiwa. Pigo moja tu, paa likadidimia, na mjukuu wa Marit, Ylva, akanyofoa dirisha zima akalitia mdomoni. Likasikika likivunjika.

Oddvar aliruka benchi na goti lake bovu, akaanguka mbele ya mtoto, akakinga kiganja chini ya kidevu chake.

"Tema, mama. Usimeze. Hicho ni kioo." Kisha akawageukia watu wote. "Ni vioo vya kweli. Nimevikata mwenyewe. Sukari ilinishinda, nikawadanganya. Mtu asile."

Nyundo zikashuka. Marit akashika kifua. Mmoja wa wale wanaume wa dukani akavua kofia kama yuko msibani. Masikio ya Oddvar yaliwaka moto. Heri lawama kuliko fedheha, wanasema, na yeye alikuwa amejichumia zote mbili, lakini kiganja hakukiondoa.

"Tema, mama," alimwomba tena.

Ylva alimtazama, akameza, kisha akafungua mdomo wazi ili aone mwenyewe. Ndani mlikuwa na meno madogo na ulimi tu.

"Tamu," alisema. "Naomba lingine."

Oddvar akageuza kichwa polepole kumtafuta mkewe. Gunnvor alikuwa amesimama kando ya mti, anatazama dari, anasugua kovu la kidole gumba.